Kaptula ya Kwenda Gulu

Breki zilikataa pale pale kwenye mteremko wa Katwe, jijini Kampala, kati ya sufuria mpya zinazong'aa na vyuma vinavyochomelewa. "Kaa pembeni! Kaa pembeni!" mzee alipiga kelele, miguu yote miwili hewani. Watu waliruka mtaro. Baiskeli ikaingia moja kwa moja kwenye nguo zilizotundikwa nje ya kibanda cha Perpétue, fundi cherehani.

Halafu kichwa chenye mvi kikatokea kati ya gauni la kitenge na sketi ya shule.

"Mama, samahani sana. Breki amekataa."

Perpétue alishika kiuno. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, amevaa kitenge cha njano chenye ndege wa buluu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kama mkufu. "Papa, weye ulitaka kununua ama ulitaka kuvaa tu?"

Mafundi wa jirani walicheka mpaka nyundo zikanyamaza. Mzee naye akacheka, akaanza kuziokota nguo moja moja, akizikung'uta vumbi na kuzikunja kwa pembe zilizonyooka.

"Umefundishwa na nani kukunja hivyo?"

"Polisi. Miaka mingi." Akasimama wima. "Okidi. Nimestaafu, lakini bado niko kambini Naguru."

"Na hii baiskeli inakupeleka wapi, Afande?"

"Gulu."

"Gulu gani?"

"Ziko ngapi? Gulu ya kwetu."

Perpétue alimtazama kutoka viatu vilivyopigwa rangi mpaka mvi. "Na magoti hayo?"

"Magoti yako mazoezini," Okidi alisema. Kisha, bila kuombwa, akaeleza. Wakati wa vita barabara ile ya kaskazini aliipita ndani ya lori la polisi, kichwa chini, bunduki mapajani, akiomba tu wafike. Hakuwahi kuiona. "Sasa imetulia. Nataka kuipita polepole, mama. Nikiona mwanamke anauza nanasi, nisimame, ninunue nanasi."

Perpétue alicheka, lakini moyo wake ulishtuka. Emile, mume wake, aliondoka Butembo, kwao Kongo, na baiskeli iliyobeba chumvi na sabuni, akaelekea msituni kutafuta mafuta ya mawese. Hakurudi. Hakuna aliyeleta mwili wala habari. Miaka ilipita, kanisa likamwombea kama marehemu, Perpétue akavuka mpaka na cherehani yake. Hapa Kampala hakuwa amemwambia mtu.

Tangu siku hiyo Okidi hakukosa sababu ya kupita Katwe. Guerschom, mchomeleaji Mkongo wa kibanda cha pili, alimbadilishia breki, akamtengenezea keria imara, akampandishia siti. "Ilikuwa chini mno, Afande. Ulikuwa unaendesha kama chura." Kliniki walimpima presha, wakamwambia aongeze safari kidogo kidogo na asisubiri kiu ndipo anywe maji. Kila asubuhi aliupanda mlima wa Naguru, akashuka, akaupanda tena. Perpétue alimfungia karanga na ndizi za kuchemsha, akamshonea na koti la kung'aa barabarani.

Simu zikaanza.

"Mpenzi, niko Bwaise. Maji yamejaa barabarani, nimebeba baiskeli begani."

"Baiskeli ndiyo inatakiwa kukubeba!"

"Leo ni zamu yake."

Perpétue alikuwa akicheka peke yake mpaka wateja wanamwangalia.

Siku moja Okidi alikuja akitembea kwa uangalifu. Alisubiri wateja wote waondoke. "Kuna kitu... siti inauma. Nasikia wenye safari ndefu huvaa kaptula yenye sponji."

"Basi geuka nikupime."

"Hapa? Watu wanaona."

"Waone! Afande mzima anaogopa futi?"

Alimpima kiuno, akampima paja, wote wawili wakijifanya wanatazama barabara. Alipomaliza, Okidi alimshika mkono.

"Nikitoka Gulu nitakuuliza kitu. Sitaki kukuuliza sasa, nikiwa mzee wa kukaa kibarazani. Nikiimaliza barabara ile, nitajua kwamba naweza bado kumwahidi mtu."

Mwanamke mwingine angelisikia swali linalokuja. Perpétue alisikia neno moja tu: nikitoka. Anaondoka. Na baiskeli.

Alikaa kwenye cherehani na kitambaa cheusi mbele yake. Angeweza kushona vizuri. Mikono yake ilijua. Badala yake aliikata sponji vipande viwili, akaviunganisha katikati kwa uzi wa kushonea magunia, na pale mifupa ya makalio inapokaa akafunga mafundo, kila upande. Akafunika kwa kitambaa laini. Kwa macho ilikuwa kaptula nzuri kuliko zote alizowahi kushona.

"Itakufaa," alimwambia, na hakumtazama.

Okidi alipiga simu kutoka Bombo, njiani kwenda Gulu, sauti imeishiwa. "Nimechubuka vibaya. Narudi na gari, baiskeli iko juu."

"Pole, mpenzi," alisema Perpétue. Alipokata simu aliona anatabasamu, akajifuta mdomo kwa kiganja kana kwamba ameiba sukari.

Okidi alijaribu tena baada ya kupona. Akachubuka tena, zaidi. Akamrudishia kaptula kwenye mfuko wa plastiki, akamshukuru kwa adabu. Simu zikapungua, zikaisha. Perpétue alimpigia.

"Niko na kazi kidogo," alisema Okidi, mstaafu asiye na kazi.

Kisha akaiona baiskeli kwa Guerschom, kibao kimefungwa kwenye keria: INAUZWA.

"Guerschom, hii ni nini?"

"Mzee ameshindwa, Mama. Anasema makalio yake yamestaafu kumzidi yeye." Guerschom alicheka, kisha akaacha. "Nilimuuliza, na Mama Perpétue je? Akasema hawezi kumletea mwanamke mwili uliokwisha, kazi yake iwe kuuguza."

Perpétue aliketi juu ya pipa. Alitaka mwanaume asiondoke. Sasa alikuwa ameondoka bila hata kupanda baiskeli.

Alikwenda Naguru mchana huohuo, kilemba kimekaa vibaya, mfuko wa plastiki kwapani. Okidi alikuwa barazani, shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, hana pa kwenda.

"Karibu, Mama." Kama mtu anayemkaribisha mteja.

"Baiskeli haikukushinda." Aligeuza kaptula nje-ndani, akampa. "Gusa hapa. Na hapa."

Kidole gumba cha Okidi kilipita juu ya kitambaa, kikasimama. Kikahamia upande wa pili, kikasimama tena.

"Niliyaweka makusudi," alisema Perpétue.

Mzee alikuwa amesikia watu wengi wakikiri, katika kazi yake. Hakupandisha sauti. "Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Ungesema, 'Okidi, usiende.' Mdomo unao."

"Ungeacha?"

"Sijui. Lakini ningejua napigana na nini." Akaifumbata kaptula ngumini. "Nimetukana miguu yangu. Nimetukana mifupa ya baba yangu. Nimekuacha wewe, mtu ninayemtaka, kwa sababu ya aibu ya jeraha uliloshona kwa mkono wako!"

Akiwa amesimama, kwa maneno machache, Perpétue alimweleza habari ya Emile. Chumvi, sabuni, njia ya msituni. Okidi alivua miwani. Aliifuta kwa muda mrefu.

"Nimesikia," alisema. "Nenda nyumbani."

Okidi hakusema amesamehe, na Perpétue hakuomba. Alirudi Katwe, akakata sponji moja nzima, isiyo na mshono katikati. Ndani akaweka pamba laini ya nguo za watoto wachanga. Kila alipokanyaga cherehani aliona kile kidole gumba kikisimama. Alijitoboa, akafunga kidole, akaendelea.

"Mpe," alimwambia Guerschom. "Akikataa, futia mikono."

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie kitu. Mimi nilimdanganya kwa sindano, acha sindano iseme."

Wiki hiyo kibao kiliondoka kwenye keria. Asubuhi moja Okidi alipita barabarani, koti linang'aa, kofia ngumu kichwani, mizigo imefungwa pande zote mbili. Hakusimama. Aliinua mkono mmoja tu. Perpétue aliinua wake akaushusha haraka, kana kwamba hakuwa na haki nao.

Mchana simu ikalia.

"Niko Luwero. Tangu asubuhi niko juu ya siti, na sina hata mchubuko."

"Ashukuriwe Mungu."

"Bado nina hasira, usidhani."

"Kuwa nayo."

"Nitakuwa nayo. Inanisaidia kwenye milima." Lori likapita upande wake, likameza maneno, kisha sauti ikarudi, chini zaidi. "Perpétue. Usinisubiri Kampala. Nikifika daraja la Karuma nitakuambia, upande basi uende Gulu. Aber, binti yangu, atakupokea. Umesubiri watu vya kutosha. Safari hii wewe utangulie."

Perpétue aliitikia kwa kichwa, kana kwamba simu ina macho.

Simu ya Karuma ilipofika alipanda basi, akakaa dirishani na kitenge chake cha njano, kikapu cha chakula mapajani, na ile dhambi yake pia, maana haikuwa imebaki Kampala. Walivuka mto Nile kwa kelele. Karibu na Bobi, kabla ya Gulu, aliona mgongo ulioinama, koti linalong'aa, miguu miwili inayozunguka polepole bila kukata tamaa. Angeweza kumwambia dereva asimame. Mkono ulishafika kwenye kengele. Akautoa, akafungua dirisha badala yake.

"Afande! Kanyaga!"

Basi likampita. Alimtazama akiwa mdogo, mdogo zaidi, lakini bado anakuja. Baada ya muda simu ikalia, na nyuma ya sauti kulikuwa na pumzi nyingi.

"Nimeona mwanamke mzuri kwenye basi."

"Ameolewa?" aliuliza Perpétue, machozi yakiingia mdomoni.

"Bado. Lakini naona ana haraka kunishinda."