Aliyekaa Nyuma ya Foklifti

Siku hiyo foklifti ilibeba mahindi kupita uwezo wake, na matairi ya nyuma hayakuinuka. Otto, dereva wake, alishusha mzigo taratibu, akageuka kuangalia. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ya grisi iliyochanganyika na nyama iliyosahaulika kwenye sufuria.

Ghala hilo la Matogoro lilikuwa na mtindo wake wa kijinga. Mzigo ukizidi na gari likianza kuinua makalio, Urbani, msimamizi, hakuagiza upunguzwe hata mara moja. Aliita kuli mmoja akae nyuma awe jiwe la kulikalisha. Watu walicheka, wakakiita kiti cha mheshimiwa. Kajetani ndiye alikuwa mheshimiwa wa kila siku kwa sababu ya kitambi chake, mpaka alipoteleza wakati Otto anarudi nyuma, na gari likampanda. Urbani alimwaga pumba juu ya damu, akafagia mwenyewe, kisha akasema kazi iendelee. Mtu wa namna hiyo hata kumsimulia kunatia kichefuchefu.

Tangu arobaini ya marehemu ilipopita, matairi ya nyuma yalikuwa yamebonyea hata gari likiwa tupu. Otto akipangusa kile kiti alikuta utelezi wa rangi ya waridi uliovutika kama mlenda, wenye nywele ndani, na akinawa kwa sabuni harufu ilibaki kwenye kucha, ikamfuata nyumbani, ikaingia kwenye ugali. Urbani yeye alifurahi. Alisema sasa wanabeba bila kumkalisha mtu, Mungu awape nini tena.

Otto hakutaka utajiri huo. Kila alipoweka gia ya kurudi nyuma alisikia sauti ya rafiki yake, pale pale kisogoni: "Kaka, nishushe." Alichotaka ni kitu kimoja tu, Kajetani ashuke, akapumzike.

Akamwita Bibi Mwanaisha, mganga kutoka Namasakata, anayejulikana kwa kutoa majini. Bibi alifika saa ya chakula cha mchana, akapokea shikamoo za makuli waliojazana mlangoni, akawasha ubani. Aliizunguka foklifti akisoma kwa sauti ya chini, na kadiri alivyosoma ndivyo uvundo ulivyozidi kupanda, ukawa mzito mpaka watu wakausikia kwenye ulimi, na ule utelezi ukaanza kudondoka sakafuni tone kwa tone ingawa hapakuwa na kitu cha kuudondosha, mpaka alipokipiga kile kiti kwa tawi bichi, na matairi yaliyobonyea yakajaa tena, kama mtu mnene aliyenyanyuka.

Otto alilia kwa furaha. Lakini Bibi alikuwa bado ananusa.

"Ametoka kwenye gari," alinong'ona. "Amekimbilia kwenye damu yake. Mliipeleka wapi?"

Urbani alijibu kwamba ilifagiwa na pumba.

"Na hizo pumba?"

Urbani alijikuna shingo. "Pumba hazitupwi, Bibi. Niliwapelekea nguruwe wangu."

Kila mtu pale alimkumbuka yule nguruwe mmoja mnono ambaye Urbani alimtoa kwa ajili ya arobaini, akasifiwa kwa moyo wake mwema. Walimla wote, wa kukaanga na wa mchuzi. Otto alirudia sahani, akafyonza na mifupa, akijiambia kwamba anamuaga rafiki.

Bibi Mwanaisha alirudi nyuma, akajiziba pua kwa ncha ya khanga. "Huko mimi siwezi kumfuata," alisema, akaokota chetezo chake.

Otto alijiinamia akajitia kidole kooni, lakini hakutoka kitu ila beuo moja refu, lenye uvundo ule ule wa kwenye kiti, na nyuma yake sauti isiyo yake.

"Kaka, nishushe."

Otto aliuziba mdomo kwa mikono miwili. Sauti haikukoma. Sasa ilitoka kinywani mwa Urbani, na kwa makuli waliosimama mlangoni, mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kila mtu akiwa ameshika tumbo lake.