Kinyozi na Ndago za Mama Mkwe

Kinyozi alikuwa na mikono isiyotulia. Kazini alinyoa watu, nyumbani alitafuta cha kunyoa. Mkewe alipokwenda kumwuguza dada yake, Kinyozi alibaki peke yake uani, akaviona vichaka vitatu vya ndago karibu na mlango.

Hizi si zile ndago zinazomtoa mkulima jasho shambani. Zilikuwa ndago za mapambo, zenye majani membamba yanayoinamia chini. Marehemu mama mkwe alizipanda kwa mkono wake. Mkewe hakumzungumzia mama yake tangu mazishi, lakini kila asubuhi alizimwagilia ndago kabla hata ya kunywa chai.

"Zimechakaa," Kinyozi alijisemea. Akachukua mkasi, akazinyoa kipara zote tatu. Maskini, alitaka mkewe akirudi afurahi.

Wiki tatu zikapita. Alimwagilia asubuhi na jioni, wapi! Vichaka viwili vilikauka kabisa. Mkewe angerudi kesho yake. Akamwita jirani yake, mfanyakazi wa kitalu cha maua, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Miche.

Mama Miche alichuchumaa, akaipapasa mizizi.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi, dada. Nilidhani zitaota. Nywele si huota?"

"Kichwa cha mtu na ndago, wapi na wapi?" Kisha akamwona uso, akalainika. "Wengi hukosea hapa, shemeji. Ndago za aina hii hukaa na majani mwaka mzima. Majani ndiyo yanayozilisha. Ukiyamaliza yote, zinakufa njaa."

"Sasa zinasafishwaje?"

"Vaa glavu, maana kingo za majani hukata. Halafu pitisha vidole kama unachana nywele. Yaliyokufa yatang'oka yenyewe. Lenye ncha kavu, kata ncha tu."

Kichaka cha tatu kilikuwa na majani mabichi manne pembeni. Mama Miche aliyahesabu mara mbili.

"Hiki kina uhai. Kikinge na jua kali la mchana. Udongo uwe na unyevu, lakini maji yasituame. Tandaza majani makavu juu yake. Kikinenepa, mvua zikianza, tutakigawa."

Mkewe aliporudi, Kinyozi hakumficha kitu. Alimweleza yote pale pale mlangoni, kabla hajatua mzigo. Mkewe alichuchumaa mbele ya kile kichaka, akalia kimyakimya.

"Ungeniuliza tu, mume wangu," alisema.

 Kinyozi alikaa chini kando yake.

Tangu hapo walikitunza pamoja. Mwaka uliofuata, mvua zilipoanza, walikichimbua na kukigawa vipande vitatu. Mama Miche alihakikisha kila kipande kina mizizi na majani yake. Wakavipanda kwa kina kilekile cha mwanzo na kuvimwagilia. Vyote vilishika.

Asubuhi moja Kinyozi alivaa glavu, akaanza kuyachana majani makavu. Mkewe alimtazama, akacheka.

"Taratibu. Mama alikuwa akinichana hivyohivyo, nalia mpaka majirani wanakuja."

Kinyozi akasimamisha mikono.

"Walikuja kweli?"

"Walikuja," mkewe alisema, akavuta kigoda. "Kaa nikuhadithie."