Mstari wa Mawe Meupe

Zipora alirudi Rumonge, kando ya ziwa, kutoka Tanzania akiwa na neno moja la marehemu mama yake. Kwenye kambi ya wakimbizi mama alilisema karibu kila siku: "Baba yako aliweka mawe mpakani. Ukirudi nyumbani, tafuta mawe." Baba mwenyewe Zipora hakumjua. Alikufa njiani, wakati wa kukimbia.

Mwaka huu mvua ya Aprili ilikuwa kali. Ilichukua udongo chini ya michikichi ya jirani yake, mzee Jafari. Asubuhi Zipora alichungulia juu ya ua wa miyenzi unaotenganisha mashamba yao, akaona mawe. Meupe, ya mviringo, yamejipanga mstari mmoja. Moyo ukamruka. Mstari ule ulikuwa hatua sita ndani ya shamba la Jafari. Kwa hesabu ya Zipora, michikichi kumi na mmoja ilikuwa ya baba yake.

Jafari alipoambiwa, alitikisa kichwa.

"Mama, hii mawe iko tu. Mpaka iko hapa kwenye miyenzi. Baba yako na baba yangu walipanda pamoja."

"Miyenzi hata jana ingeweza kupandwa," Zipora akajibu. "Mawe hayahami."

Tusidanganyane, Zipora alikuwa na kichwa kigumu. Akaenda kushtaki kwenye ofisi ya zone. Wakapangiwa Alhamisi. Tangu siku hiyo watu hawa wawili, waliokuwa wakiombana chumvi na moto, hawakusalimiana.

Jumatatu wakaja mafundi wa kuleta bomba la maji. Walichimba mtaro mrefu kupita mashamba yote. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja, Domitille, aliyesomea mambo ya miamba na maji ya ardhini. Zipora akamvuta mkono akamwonyesha mawe yake. Alitaka shahidi.

Domitille aliokota jiwe moja, akampa.

"Shika, mama. Lina kona?"

"Halina. Laini kabisa."

"Njoo uone huku."

Wakashuka ndani ya mtaro. Ukutani, chini ya udongo mwekundu, kulikuwa na mchanga, na ndani ya mchanga mawe yale yale meupe, mamia. Domitille akachokoa kwa kidole. Likatoka gamba dogo la konokono.

Zipora alilijua. Watoto huyaokota ufukweni kila siku. Akageuka kutazama ziwa. Lilikuwa mbali kule chini, linang'aa.

"Ziwa lilikuwa hapa?" akauliza polepole.

"Hapa tuliposimama palikuwa ufuo. Jiwe likivunjika mlimani huwa na kona. Likiingia majini, mawimbi huligongesha na wenzake miaka na miaka, kona zikaisha. Maji ya ziwa hupanda na kushuka. Yaliposhuka, yaliacha mawe yake hapa."

"Na ziwa lenyewe lilitoka wapi?"

Domitille akanyoosha mkono. "Unaona milima ya Kongo ng'ambo ile? Na hii yetu hapa nyuma? Zamani sana hapakuwa na bonde katikati. Ardhi ikavutwa pande mbili, ikapasuka, katikati ikadidimia. Maji yakajaa humo. Penye kina kirefu, kamba ya kilomita moja haifiki chini. Ni kazi ya mamilioni ya miaka, na mpaka leo ardhi bado inavutwa, kidogo kidogo."

Zipora akakaa juu ya udongo uliochimbwa. Tangu arudi aliliona ziwa kama kitu kilichokuwepo tu. Sasa aliona nchi nzima inafunguka chini ya maji yale, akaogopa, na hapohapo akafurahi bila kujua kwa nini.

Kisha akaufuata mstari wa mawe, kila mvua na mtaro vilipoufunua. Ulitoka kwa Jafari, ukapita kwa jirani wa pili, Tarsisi, ukapita nyuma ya kanisa, ukazunguka kilima chote kwa kimo kilekile. Hakuna mtu awezaye kuweka mpaka wa namna hiyo. Aibu ikamshika.

"Basi baba hakuweka kitu," akamwambia Domitille.

"Sijui, mama. Lakini jiwe lililobebwa na mtu kutoka mlimani litakuwa bado na kona zake. Tafuta hilo."

Jumatano Zipora alichukua panga akafyeka chini ya miyenzi. Karibu na saa nne akalikuta: jiwe jeusi, lenye kona kali na vipande vya ulanga vinavyometameta, limesimamishwa wima. Hatua ishirini mbele, jingine. Yote mawili yalikuwa palepale alipotaja Jafari. Zipora aliliwekea lile la kwanza kiganja chake, akalia.

Kisha akamsalimu kwa sauti: "Amahoro, mzee Jafari. Njoo uone."

Jafari akaja, akainama. "Ndiyo hii, nilidhani ilipotea. Baba yangu alisema baba yako aliibeba kwa kichwa kutoka kule juu mlimani. Nilikuambia mpaka iko hapa, mama."

"Uliniambia. Ni mimi sikusikia. Nisamehe."

Alhamisi walikwenda kwenye zone pamoja, kufuta kesi. Walipofika kwenye mtaro, Jafari akasimama.

"Na hii mawe meupe, sasa iko ya nani?"

"Ya ziwa," Zipora akasema. "Mimi na wewe tumeyakuta."