Mbwa wa Linda

"Amenusa?" mteja mmoja akauliza kutoka ndani ya saluni.

"Amenusa."

"Halafu?"

"Halafu amegeuza uso kama bibi harusi," Dahabo akasema, akaangua kicheko.

Kadii hakucheka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya saluni yake hapo Garsen, bakuli mkononi, mbele ya mbwa mweupe mwenye masikio ya kahawia aitwaye Popi. Ndani ya bakuli mlikuwa na kuku wa kuchemsha, wali laini na malenge. Usiku uliopita Kadii mwenyewe alilalia chai ya rangi.

Jefwa, mwenye mbwa, alisimama mlangoni akimtazama.

"Usijali, mpenzi. Linda alimdekeza sana huyu."

Linda alikuwa mke wa Jefwa. Alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa ini, akaacha shamba la mpunga kule Wema, mume asiyejua kulala peke yake, na Popi.

"Lakini neno lako liko pale pale?" Kadii akauliza.

"Liko pale pale. Siku atakayokula Popi mkononi mwako, wiki hiyo hiyo nawaleta wazee kwenu. Nitajua Linda ametupa ruhusa."

"Linda atatoa ruhusa kwa mdomo wa mbwa?"

"Nielewe tu, Kadii."

Akamwelewa. Mtu akipenda huelewa hata yasiyoeleweka. Mwanamume mzima, ana nyumba ya mabati na ng'ombe wa maziwa, na ndoa yake ameitundika kwenye pua ya mbwa! Lakini Kadii alikuwa amefika umri ambao mama huacha kuuliza na kuanza kuomba Mungu, na Jefwa alikuwa mpole, tena akicheka unasahau shida zako. Kila Jumamosi alipoleta mchele mjini alimleta na Popi. Na kila Jumamosi Popi alinusa, akageuka.

Jefwa alipoondoka, Dahabo alirudi kwenye kiti cha kusukia. Yeye ni Mworma, binti wa wafugaji, na ndiye mkono wa kulia wa Kadii pale saluni.

"Wewe Kadii, kwetu mbwa ya ng'ombe inapewa maziwa. Ikikataa, inalala njaa. Kesho inakunywa."

"Huyu si mbwa wa ng'ombe. Huyu ni mkwe wangu."

"Wallahi wewe umerogwa."

Kadii alikuwa tayari ameshika simu. Tangu Jumatatu alikuwa akisoma kuhusu watu wanaopika chakula freshi cha mbwa wanaochagua chakula. Unajiandikisha, mzigo unakujia kila mara bila kuitisha.

"Sikiliza. Wa Mombasa wanatuma nyama mbichi na maini, mara moja kwa mwezi, imegandishwa."

"Utaweka wapi? Stima ya hapa ikipotea siku mbili, nyama itatembea yenyewe."

"Hata mimi nimeona hivyo. Kuna wengine wa Nairobi, wana samaki, wana mbuzi, lakini wakishakuandikisha huwezi kujitoa mpaka miezi sita iishe."

"Hiyo ni ndoa, si chakula."

Kadii akacheka bila kupenda. "Na huyu Kanze wa Malindi. Anapika mwenyewe, anatuma kwa basi kila Ijumaa ndani ya barafu. Kwanza anakupa pakiti za kuonja, aina tatu. Mbwa akikataa, unaacha."

"Chukua huyo. Lakini Kadii..."

"Nini?"

"Mwanamume anayetaka, anakuja. Hangoji mbwa."

Kadii alijifanya hajasikia. Akampigia Kanze.

Jumamosi iliyofuata Popi alinusa kuku wa Malindi, akageuka. Pakiti ya pili akanusa samaki, akageuka. Pakiti ya tatu ilikuwa nyama ya kusaga na karoti, inayonukia hata wateja wakauliza nani anapika pilau. Popi aliiramba mara moja kwa heshima, akajilaza kivulini.

Jefwa akamshika Kadii bega. "Pole. Labda bado ni mapema."

"Mapema kwa nani, Jefwa?"

Alisema mchele wake unanyeshewa, akatoka. Hakukuwa na mvua.

Jioni hiyo Kanze alipiga simu.

"Dada, mteja wangu amekula?"

"Amekataa zote. Nifanyeje? Nijiandikishe kwa wale wa Nairobi?"

"Usikimbilie kujiandikisha popote. Niambie kwanza, amekonda sana?"

"Kukonda? Hapana."

"Mbavu zinaonekana?"

Kadii alikuwa amempapasa Popi mgongoni asubuhi ile ile. Vidole vyake havikukuta mfupa.

"Amenona," akasema polepole.

"Basi dada, huyo si mchaguzi wa chakula. Huyo ameshiba. Kuna mtu anamlisha kabla hajafika kwako."

Kadii alikata simu bila kuaga. Dahabo akamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, na machozi yakamtoka.

Jumamosi iliyofuata alichukua bodaboda alfajiri mpaka Wema. Akashuka mbali kidogo na kwa Jefwa, akaenda kwa miguu. Moshi ulikuwa ukitoka jikoni. Harufu ya kambale wa nazi ikampokea kabla ya mtu yeyote.

Jefwa alikuwa amechutama kwenye majivu, sinia la bati mbele yake, anatoa miiba ya samaki kwa vidole na kuchanganya na wali. Popi alikula mkononi mwake kwa pupa, mkia unapiga sufuria.

"Kula, kula ushibe," Jefwa alikuwa akisema. "Leo tunaenda mjini."

"Mbona usimwachie nafasi kidogo, Jefwa? Na mimi nimemwekea."

Sinia likaanguka. Jefwa aliinuka, akakaa tena.

"Kadii. Si unavyofikiri."

"Niambie basi nifikirie nini."

"Linda alimpikia hivi kila asubuhi kabla ya kuingia shambani. Mimi..."

"Sikuulizi Linda alipika nini. Nakuuliza wewe. Ulimshibisha makusudi ili anikatae?"

Jefwa aliangalia chini. "Ndiyo."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi."

"Kwa nini usiniambie tu hunitaki? Nina masikio."

"Nakutaka!" Sauti yake ilipasuka. "Haki ya Mungu nakutaka. Nikifika kwako nacheka, nikirudi hapa naona nimemwibia Linda. Huyu mbwa ndiye pekee anayeishi kama vile yeye yupo. Siku akila kwako, Linda atakuwa amekufa kweli."

"Amekufa kweli, Jefwa." Kadii alikuwa akilia sasa, hakujificha. "Aliye hai ni mimi. Nimekaa nyuma ya saluni nikibembeleza mnyama, watu wananicheka, na wewe umesimama mlangoni unaniambia pole. Pole ya nini, na mpishi ni wewe?"

Akageuka. Jefwa alimwita mara nyingi, hakutazama nyuma. Alipofika barabarani alimtumia Kanze ujumbe: "Asante dada. Usitume tena. Mbwa hana shida."

Jefwa naye akaanza kutuma.

"Nisamehe."

"Nimekosa, najua."

"Kadii wangu, nijibu hata tusi."

Kisha, siku ya Alhamisi: "Jumapili tunakuja kwenu."

Na kweli walikuja. Wazee watatu, Jefwa katika shati jeupe, na kibuyu cha tembo la mnazi kama desturi ya Wagiriama inavyotaka. Mama Kadii alipiga kigelegele jikoni kabla hata hawajaketi. Tembo la posa halinywewi hivi hivi. Baba humwita binti mbele ya wageni, akamuuliza kama anywe, na jibu la binti ndilo jibu la nyumba.

Mzee Kitsao, babake Kadii, alikishika kibuyu.

"Kadii mwanangu. Hawa wageni unawajua?"

"Nawajua, baba."

"Na hili tembo, ninywe?"

Jikoni mama alikuwa amesimama na mwiko mkononi, anatabasamu.

"Baba, nipe ruhusa nimuulize kitu kimoja." Akamgeukia Jefwa. "Asubuhi ya leo, kabla ya kuja huku, ulimpikia mbwa?"

Macho ya Jefwa yalijaa maji.

"Nilimpikia."

"Kambale?"

"Kambale."

Angeweza kudanganya. Hakudanganya, na kwa hilo Kadii alizidi kumpenda, ndipo moyo ukamuuma zaidi.

"Usinywe, baba," akasema.

Mwiko ulianguka jikoni. Mzee Kitsao akakirudisha kibuyu kwa wageni kwa mikono miwili, kwa upole. Wazee wakaelewa, wakaomba maji ya kunywa.

Kadii alimsindikiza Jefwa mpaka kwenye pikipiki.

"Nikirudi mwakani?" Jefwa aliuliza. "Utamwambia baba anywe?"

"Mimi nipo, Jefwa. Lakini ukirudi, uwe umeshamzika Linda."

Pikipiki zikawaka. Kadii alingoja mpaka vumbi likatulia, kisha akaingia ndani kumbembeleza mamake.