Yai Halingoji

"Bwire, uko wapi? Mistari ni miwili, yote imekolea! Njoo nyumbani sasa hivi."

"Niko Kariobangi, nachomelea geti la mtu."

"Geti litangoja. Yai halingoji. Likishatoka ni siku moja tu, limeisha."

Mwongeli akakata simu. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafu, ghorofa ya tatu, Kayole, na kijiti cha kupimia mkojo kujua siku ya yai bado mkononi. Miaka mitatu ya ndoa. Kila asubuhi kipimajoto mdomoni kabla hajashuka kitandani, kila mwezi kuhesabu siku, na kila mwezi damu.

Bwire aliingia saa saba mchana. Hakuvua hata buti. Akaketi ukingoni mwa kitanda, kichwa chini.

"Mbona hivyo? Umechoka?"

"Mwongeli, mwezi huu tupumzike."

"Tupumzike? Mwezi huu ukipita bure natobolewa tumbo, daktari achungulie mirija ya uzazi. Tarehe nimeshapewa!"

"Usiende."

"Kwa nini?"

Bwire akaanza kufungua kamba za buti.

"Bwire, nakuuliza. Kwa nini nisiende?"

"Kwa sababu wewe huna shida. Shida ni mimi."

"Umejuaje? Mara ngapi nimekuomba tukapimwe pamoja, unasema uko na kazi?"

"Nilipimwa kitambo. Kabla ya harusi. Nikiwa fomu two nilishikwa na matubwitubwi, yakashuka mpaka huku chini. Waliniambia sina mbegu. Hata moja."

Mwongeli akacheka kidogo, kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akakaa sakafuni.

"Kabla ya harusi?"

"Niliogopa utaniacha."

"Na Krismasi, mama yako aliponiita tasa mbele ya ukoo mzima, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapo."

"Ulikuwa unakula, Bwire. Mimi nilikuangalia wewe, sikumwangalia yeye. Ukaongeza mchuzi."

Bwire akaanza kulia. Akatoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti juu ili Mwongeli asikie.

"Mama, Mwongeli hana tatizo lolote. Ni mimi siwezi kuzaa."

"Nani amekufundisha useme hivyo? Ni huyo mke wako?"

"Hapana, Mama. Nilijua tangu mwanzo. Nikamwacha abebe aibu yangu."

Simu ikakatika.

"Umesikia nimemwambia," Bwire akasema. "Tunaweza kuchukua mtoto, tumlee. Tuanze upya."

"Ungeniambia siku ile, ningeolewa na wewe hivyo hivyo. Ningelea mtoto wa mtu na wewe, na ningefurahi. Nilikupenda hivyo."

"Na sasa?"

Mwongeli alitia nguo tatu kwenye mkoba, akashuka ngazi. Bwire akabaki mlangoni akimwita kwa jina mpaka majirani wakachungulia.

Jioni, Mwongeli akiwa kwa dada yake Kanyiva huko Umoja, ujumbe ukaingia: "Nimewaambia wote nyumbani, hata baba. Nimekosa sana. Tafadhali rudi."

Akaandika: "Asante kwa kuwaambia. Sirudi."

Akautuma, akazima simu.

"Dada."

"Naam."

"Bado nampenda."

"Najua," Kanyiva akasema, akamsogezea mto. "Lia tu."

Akalia.