Shimo la Maji Makali

Kila alfajiri Mastura alikaanga vitumbua. Badru, mumewe, alikunywa chai, akavaa kandambili, akaenda kazini. Ndivyo walivyoishi Ngamiani.

Badru alikuwa akipanga sabuni kwenye makatoni katika kiwanda cha serikali. Kisha serikali ikakiuza kiwanda. Wengi wakapunguzwa kazi. Badru alibaki, ila alihamishiwa nyuma, kwenye shimo la maji makali yanayobaki sabuni ikiiva. Aliyachota kwa ndoo na kuyamwaga mtaroni. Mtaro uliishia baharini, na kaa wa pale walikufa wote.

Siku moja Badru aliteleza, akatumbukia. Walimtoa ameungua mwili mzima. Kabla jua halijachwa, akafariki.

Mastura alikuwa ndani ya eda alipokuja Kristina, afisa utumishi wa kiwanda.

"Pole sana, dada."

"Ahsante. Niambie, nani alimfundisha mume wangu kazi ile?"

Kristina aliinamisha kichwa. "Hakuna. Tulipunguza watu, tukawasahau waliobaki."

Mastura akalia. "Basi asife mwingine."

Kristina alirudi mara nyingi kumwangalia, akamsimulia yaliyotokea kazini. Meneja alikuwa mkali mwanzoni, Kristina alipomwomba viatu na mafunzo kwa wafanyakazi.

"Sabuni za nje zimejaa madukani, nawe waniletea habari za viatu na mafunzo?"

"Ndiyo, mzee. Maji tunayomwaga yana chumvi na magadi. Yakirudishwa kwenye chungu cha kupikia sabuni, tutanunua kidogo. Lakini asiyefundishwa hawezi kuyarudisha."

Meneja akakubali wajaribu. Shimo likajengewa ukuta na kufungiwa pampu ya kurudisha maji chunguni. Hakuna aliyeanza kazi kabla ya kufundishwa. Wote walipewa mabuti na glavu. Aliyeona kitu kinapotea au kinachafua alisema, akasikilizwa, na jina lake likatajwa mbele ya wenzake.

Miaka ilivyokwenda, viwanda vingine mjini vilifungwa. Hiki kilisimama, hata kikawarudisha baadhi ya waliopunguzwa. Mtaroni maji yakatakata, kaa wakaonekana tena.

Mastura naye alikuwa ameajiriwa pale tangu eda yake ilipokwisha. Alijifunza kazi, kisha akawa mwalimu wa wafanyakazi wapya.

Mmoja wao, Sadalla, aliyatupa mabuti chini. "Mama, haya yana joto!"

"Umeoa?"

"Nimeoa, mama. Mke wangu Nasra."

"Basi vaa, mwanangu. Nasra akuone jioni."

Sadalla akavaa. Mastura akageukia ukutani, akajifuta macho kwa upindo wa khanga.