Kochi la Watu Wawili

Mto wa kushoto wa lile kochi ulikuwa na joto. Msusi aliuwekea kiganja asubuhi moja, mumewe akiwa safarini na lori na binti yao akiwa shule, akadhani ni jua. Kisha akakumbuka kwamba dirisha la upande ule lilitazamana na ukuta wa jirani, na jua halikuwahi kupita hapo. Hakulifikiria zaidi. Siku hizo hakuwa mtu wa kufikiria mambo zaidi.

Alikuwa amejifungua mtoto aliyezaliwa kimya. Baada ya maziko, dada yake, fundi cherehani, alimwambia atafute cha kushughulisha mikono. Ndipo akaanza kupamba nyumba. Alikuwa na jicho. Kwenye vibanda vya vitu vya mtumba, penye takataka machoni pa wengine, yeye aliona sebule. Fremu kuukuu ya dirisha aliigeuza rafu ya vikombe. Masanduku ya bati aliyapandanisha yakawa meza. Jirani mmoja alichungulia mlangoni akauliza kama anafungua hoteli.

Kochi alilipata kwenye nyumba iliyokuwa inabomolewa. Vyombo vyote vilishatolewa nje, lenyewe limebaki ndani, mbao zake nyeusi zimechongwa vizuri mno.

"Lichukue tu, mama," msimamizi alimwambia. "Vijana wangu wakilikalia kupumzika hawanyanyuki. Kazi yangu inalala."

Dada yake alilivua kitambaa ili alivalishe kipya. Chini ya kitambaa kulikuwa na kingine, na chini yake kingine tena, vyote vimelika upande wa kushoto peke yake, vinanuka kama nguo zilizokauka ndani bila upepo. Alipofika pindo la mwisho aliona damu. Sindano ilikuwa imezama kwenye kidole chake.

"Tazama hii," alisema. "Imeingia mpaka huku, na sikusikia kitu."

"Una haraka, dada."

"Sina haraka. Nakwambia sikusikia."

Kochi likakaa sebuleni, na sebule ikapendeza. Msusi alizoea kukaa upande wa kulia baada ya kazi. Akishakaa kidogo, springi za upande wa pili zilishuka taratibu, kama vile kuna mtu anakaa kwa uangalifu asimwamshe mtoto, na ile harufu ya nguo ilipanda. Hapo uzito wa kifuani ulimtoka. Hakuogopa. Aliona nafuu.

Mumewe aliporudi naye alizoea kukaa pale. Aliacha kuulizia kaburi. Waliacha kugombana, na kucheka pia wakaacha. Chakula kikikosa chumvi walikula hivyo hivyo. Saluni, mteja mmoja alitokwa machozi kwa kuvutwa nywele, akamwomba alegeze, na msusi akaendelea kusuka bila kujua kama anachoshika ni nywele au hewa. Mteja hakurudi, wala rafiki zake.

Binti yao hakukanyaga tena sebuleni. Alisimama mlangoni.

"Mama, huyo akikutazama anatafuna."

"Nani?"

"Huyo mnayekaa naye."

"Haya, kamalizie kupiga pasi," mama yake alimjibu.

Ilikuwa alasiri, mume ameshaondoka tena na lori. Msusi alisikia pasi ikianguka chumbani, akasikia mtoto akilia, akajua ni mtoto wake na kwamba ameungua, akajiambia ngoja ninyanyuke, na mto wa pembeni yake ukazama zaidi, na kitu kikaanza kutafuna karibu na sikio lake, polepole, kwa kinywa chenye mate, na kila kilipotafuna kile kilio kilizidi kwenda mbali kama redio ya nyumba ya tatu, mpaka mtoto akaja mlangoni mkono ameunyoosha mbele, ngozi ya kiganja imevimba na kung'aa, na mama akamtazama kama anavyotazamwa mpita njia.

Dada yake ndiye aliyewakuta hivyo. Aliutia mkono wa mtoto kwenye maji, akampeleka zahanati, akarudi naye pamoja na mganga, mwanamke wa makamo aliyebeba mfuko wa plastiki. Mganga alikaribishwa kiti akakataa.

"Huyu hana fujo," alisema kwa sauti ya chini. "Ni mlaji. Anaanza na uchungu, na mtu anashukuru. Uchungu ukiisha, anakula kilichobaki."

"Na akitoka?" msusi aliuliza.

"Atatapika alichokula. Chote, kwa mkupuo mmoja."

"Basi mwacheni."

Aliyasema kwa upole, kama anayekataa chai. Dada yake alimsogeza mtoto, akaulaza ule mkono uliofungwa bandeji juu ya paja la mama yake.

"Mdogo wangu, mtazame mwanao."

"Namwona."

"Unamwona tu?"

Msusi alimtazama mtoto muda mrefu. Alijitafuta, akatafuta tena.

"Namwona tu," alisema. "Mtoeni."

Mganga alinyunyiza maji ya majani, akasoma maneno kwa kunong'ona, na harufu ya nguo mbichi ikajaa nyumba mpaka wakabana pua, na springi zikalia moja baada ya nyingine, na mto wa kushoto ukanyanyuka polepole kama anavyoondoka mtu mnene asiyetaka kuondoka. Matiti ya msusi yakaanza kuuma. Kisha likamjia jina walilokuwa wamemchagulia mtoto. Kisha kiganja cha binti yake. Alilia mpaka sauti ikakauka, binti amemkumbatia shingoni.

Kochi walilichoma uani. Liliwaka kama kuni yoyote.

"Mumeo alikuwa anakaa upande gani?" mganga aliuliza.

"Wa kushoto."

Mganga aliacha kufunga mfuko wake.

"Akifika mniite kabla hajaoga wala kula," alisema. "Mtoto asikae naye peke yake."

Mume alifika kesho yake, mapema kuliko walivyomtarajia. Msusi alimweleza yote huku akilia: kochi, mganga, mtoto wao aliyezikwa. Mumewe alimsikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. Dada mtu alikwenda mbio kumwita mganga. Msusi akaingia jikoni kuchukua maji ya kunawa uso, na aliporudi alikuta mumewe amepiga magoti mbele ya binti yao. Alikuwa amefungua bandeji na kuweka kidole gumba juu ya lile lengelenge.

"Inauma?" alimuuliza, huku akibonyeza.

"Inauma, baba."

"Inaumaje?" alisema, na taya zake zikaanza kutafuna.